Kila Habari Ina Siku Yake: Mwongozo wa Kupunguza Mafuriko ya Habari

Kabla hujamaliza chai ya asubuhi, makundi ya WhatsApp yameshakurundikia picha za kurasa za mbele za magazeti, sauti ya mtu usiyemjua akionya kuhusu benki fulani, video ya mafuriko isiyo na tarehe na tangazo la ajira lililopita mikononi mwa watu wasiohesabika. Kufika saa nne umesoma mengi, bando limepungua, lakini mtu akikuuliza bei mpya ya petroli au lini mvua inatarajiwa kuanza, huna jibu la uhakika.

Mwongozo huu haukutaki uzime simu wala uhame mitandaoni. Unakufundisha jambo moja: kwa kila swali lenye uzito maishani mwako, chagua chanzo kilicho karibu na habari, ijue siku chanzo hicho kinapotoa taarifa, kisha acha maneno ya katikati yapite. Ukiufuata kwa mwezi mmoja utasoma vichache na kujua zaidi.

Kwanza, kwa nini tunalemewa

Mwaka 1971 mchumi wa Marekani Herbert Simon alieleza kwamba habari hula umakini wa anayeipokea. Kwa hiyo, habari zikizidi, kinachopungua ni uwezo wa kuzitilia maanani. Hapo simu ya mkononi ilikuwa bado haijafika sokoni. Tangu wakati huo mambo matatu yameongeza mzigo.

*Kurasa zisizo na mwisho.* Taarifa ya habari ya saa mbili usiku huanza, hufika kwenye michezo na hali ya hewa, kisha mtangazaji anaaga. Gazeti nalo lina ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mtandao wa kijamii unaoteremka bila kikomo ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, ambaye baadaye alijutia hadharani madhara yake. Ukurasa wa namna hiyo hauagi. Wewe ndiye unayepaswa kuondoka, na hakuna kinachokuashiria kwamba imetosha.

*Kusambaza ni rahisi mno.* Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Kampuni yenyewe iliona tatizo mapema: Januari 2019 ilizuia ujumbe mmoja usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kuzunguka sana, ukawa unatumwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita angalau mikono mitano kabla ya kukufikia. Aliyeuandika hayupo karibu, na aliyekutumia huenda hamjui.

*Makisio huzidi matukio.* Nchini Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa mara moja kwa mwezi, lakini huzungumzwa kila siku. Siku zote zilizobaki hujazwa na dhana, ubishi na picha za matangazo ya zamani. Ndivyo ilivyo kwa matokeo ya mitihani, riba, mvua na usajili wa wachezaji. Ukiijua siku ya tangazo, umejipunguzia sehemu kubwa ya kelele kabla hujagusa mpangilio wowote wa simu.

Hatua ya 1: Andika ulichosoma kwa siku tatu

Chukua daftari. Chagua siku mbili za kazi na moja ya mapumziko, kwa sababu makundi hubadilika sura mwishoni mwa juma. Kila unaposoma, kusikiliza au kutazama habari, jaza safu tatu:

1. Nimeipata wapi? (kundi la ukoo, redio, ukurasa wa mtu maarufu, gazeti)
2. Ilihusu nini?
3. Imebadilisha nini katika uamuzi, kazi au uelewa wangu?

Usijizuie kusoma chochote katika siku hizo, na usijihukumu. Jioni ya siku ya tatu, pigia mstari kila penye jibu la "hakuna" katika safu ya tatu. Kisha tazama safu ya kwanza: je, "hakuna" hizo zinatoka wapi zaidi? Mara nyingi vyanzo viwili au vitatu ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa usio na faida. Hivyo ndivyo utakavyoshughulika navyo katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Orodhesha maswali yako, yasizidi saba

Watu wengi huanza kwa kutafuta vyanzo vizuri. Anza na maswali, maana chanzo kizuri kwa mwenzako kinaweza kuwa kelele kwako. Swali zuri linaelekeza kwenye tendo:

- Badala ya "Uchumi ukoje?", andika "Nikope sasa, au nisubiri riba itangazwe?"
- Badala ya "Hali ya hewa", andika "Nipande lini, na mbegu ya muda mfupi au mrefu?"
- Badala ya "Siasa", andika "Diwani wetu aliahidi nini kuhusu barabara ya kata, na bajeti ya halmashauri inasemaje?"
- Badala ya "Elimu", andika "Mwanangu wa kidato cha nne anahitaji nini, na kwa tarehe ipi?"

Acha nafasi moja ya kitu unachokipenda tu, kama mpira, mapishi, muziki au historia. Shabiki wa Simba au Yanga anayefurahia tetesi za usajili hana sababu ya kuziacha, ilimradi azihesabu kuwa burudani. Habari ya usajili ni ile inayotangazwa na klabu yenyewe. Zilizotangulia ni hadithi za kijiweni, na kijiwe nacho kina raha yake.

Hatua ya 3: Pima kila chanzo kwa maswali manne

Kwa kila swali uliloandika, tafuta chanzo kimoja kikuu na kimoja cha kukikagua. Kabla ya kukikubali, kiulize haya:

*Kiko karibu kiasi gani na habari?* Bei ya mafuta huamuliwa na EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Matokeo ya mitihani hutolewa na NECTA na KNEC. Utabiri hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kila mkono unaoongezeka kati yako na chanzo hupunguza kitu: tarehe hupotea, "huenda" inageuka "lazima", mkoa mmoja unakuwa nchi nzima.

*Kina siku ya kutoa taarifa?* Chanzo chenye ratiba hukuruhusu kukiacha hadi siku yake ifike. Chanzo kinachozungumza saa zote hukutaka uwe nacho saa zote.

*Kina mwisho?* Toleo la gazeti, taarifa ya redio, jarida au kitabu unaweza kukimaliza. Ukikimaliza, unajua ulichojifunza.

*Kikikosea, hufanya nini?* Gazeti linalojiheshimu lina mhariri, anwani na desturi ya kuchapisha masahihisho. Ukurasa usio na jina la mtu hufuta kimya kimya, au huacha kosa liendelee kuzunguka.

Hapa pana tahadhari muhimu. Chanzo kilicho karibu kinajua mengi, lakini nacho kina maslahi yake. Mamlaka itakutajia bei iliyopangwa. Haitakuambia kwamba kituo cha mjini kwenu hakina mafuta tangu juzi. Wizara itakutangazia mradi, lakini si lazima ikuambie umekwama wapi. Ndiyo maana kila swali linalohusu serikali, kampuni kubwa au chama linahitaji chanzo cha pili kisicho chini ya mamlaka hiyo: mwandishi wa habari aliyefika eneo la tukio, au ripoti ya mkaguzi. Kwa Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni Aprili. Anayetaka kujua fedha za umma zimetumikaje atafaidika zaidi kusoma sura moja inayohusu halmashauri yake kuliko kufuatilia malumbano ya mwaka mzima.

Jua pia mwenye chombo. HabariLeo huchapishwa na kampuni ya serikali ya TSN. Uhuru ni gazeti la CCM. Mwananchi na Taifa Leo yako chini ya Nation Media Group, na Nipashe iko katika kundi la IPP. Kumjua mwenye gazeti hakumaanishi kulikataa. Kunakusaidia kukisia ni habari gani itapewa ukurasa wa kwanza na ipi itabanwa pembeni, na ukichagua magazeti mawili, uchague yenye wamiliki tofauti.

---

KISANDUKU CHA 1: Kalenda ya vyanzo

Nakili zinazokuhusu kwenye kalenda ya ukutani au ya simu.

- Bei za mafuta, Tanzania: EWURA, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.
- Bei za mafuta, Kenya: EPRA, tarehe 14. Bei huanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata.
- Riba ya Benki Kuu, Tanzania: Tangu Januari 2024 BoT hutangaza riba hiyo kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba.
- Mfumuko wa bei: ofisi za takwimu za taifa, NBS (Tanzania) na KNBS (Kenya), kila mwezi.
- Utabiri wa msimu, Tanzania: TMA huutoa kabla ya masika (Machi hadi Mei), kabla ya vuli (Oktoba hadi Desemba), na kabla ya msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua.
- Matokeo ya NECTA: kidato cha nne kwa kawaida Januari, kidato cha sita kwa kawaida Julai.
- Bajeti ya Serikali: Tanzania na Kenya husomwa Juni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1.
- Gazeti rasmi la Serikali: nchi zote mbili, kila Ijumaa.

---

Hatua ya 4: Weka miadi na vyanzo vyako

Ukishajua siku, weka kikumbusho kwenye simu: "Jumatano ya kwanza, angalia bei ya mafuta." Siku ikifika, nenda mwenyewe kwenye tovuti au ukurasa rasmi, soma tangazo zima, nakili kinachokuhusu kwenye daftari, funga. Kazi hiyo haichukui robo saa.

Kati ya miadi moja na nyingine, kila ujumbe unaohusu suala hilo una jibu moja: "Siku yake bado." Hulazimiki kuuamini wala kuubishia.

Kwa mambo yasiyo na ratiba, kama habari za jumla za nchi na dunia, chagua mkao mmoja kwa siku. Inaweza kuwa taarifa moja ya redio au televisheni unayoisikiliza mwanzo hadi mwisho, au gazeti moja unalolisoma habari zake na si vichwa vyake. Picha za kurasa za mbele zinazosambazwa kila asubuhi zina vichwa tu, na kichwa cha habari huandikwa ili ununue gazeti. Ukisoma vichwa kumi bila habari hata moja, utakuwa na mishtuko kumi na maelezo sifuri.

Kama unafuatilia tovuti kadhaa na unatumia kompyuta, programu za kukusanya habari kama Feedly au Inoreader zinaweza kukuletea makala mpya za tovuti ulizochagua wewe, kwa mpangilio wa tarehe, bila kuchanganywa na usizoziomba. Teknolojia iliyo nyuma yake, RSS, ipo tangu 1999. Weka tovuti chache. Ukiweka hamsini, umejichimbia mafuriko mapya.

Hatua ya 5: Nyamazisha bila kuvunja undugu

Ushauri wa "ondoka kwenye makundi yote" haufai huku kwetu. Taarifa ya msiba inapita kwenye kundi la ukoo, mchango wa harusi kwenye kundi la kamati, mkutano wa mtaa kwenye kundi la mjumbe. Ukiondoka utaonekana umewakimbia watu. Fanya hivi:

1. Gawa makundi mafungu matatu. La wajibu (ukoo, wazazi wa darasa, kikoba, kazi), la faida (wakulima wa zao lako, wafanyabiashara wa soko lako), na la mazoea (uliingizwa tu, hukumbuki na nani).
2. Makundi ya wajibu: zima mlio, kisha yapitie mara mbili kwa siku kwa saa ulizopanga. Watu wa karibu waambie kwamba jambo la haraka wapige simu. Msiba haungojwi kwenye ujumbe.
3. Makundi ya faida: zima mlio, yapitie mara moja kwa siku, na utafute humo watu wawili au watatu ambao maneno yao yamethibitika. Wasome hao.
4. Makundi ya mazoea: aga kwa adabu, utoke. Sentensi moja inatosha: "Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Napunguza makundi ili nijibu vizuri yaliyobaki."
5. Kama wewe ni msimamizi wa kundi la shule au kikoba, weka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma matangazo, na ufungue kundi la pili kwa mazungumzo. Wenzako watakushukuru.
6. Zima arifa za programu zote za habari. Acha za simu, ujumbe wa mtu mmoja mmoja, na huduma za fedha.

Na mzee akikutumia ujumbe wenye shaka? Usimsahihishe mbele ya kundi. Mwandikie pembeni: "Shikamoo shangazi. Ule ujumbe wa dawa ya sukari nimeuona. Nimetafuta hospitali inayotajwa, sijaipata. Naomba dawa za kliniki usiziache, nami nitakuulizia kwa daktari." Umelinda heshima yake, umelinda afya yake, na safari ijayo huenda akakuuliza kabla ya kusambaza.

---

KISANDUKU CHA 2: Kusoma anwani ya tovuti

Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke. Za vyuo huishia na .ac.tz na .ac.ke. Matapeli huliweka jina la kweli mwanzoni mwa anwani ili macho yako yasifike mwisho. Fanya hivi:

1. Ruka mikwaju miwili ya mwanzo, ile inayofuata "https:".
2. Tafuta mkwaju unaofuata (/). Kama haupo, nenda mwisho wa anwani.
3. Soma kuanzia hapo kurudi kushoto. Kilicho jirani na mkwaju ndicho kinachomtaja mwenye tovuti.

Mfano wa kubuni: *ajira.go.tz.jinafulani.com/fomu* ni mali ya "jinafulani.com". Haihusiani na serikali. Tangazo la ajira za utumishi wa umma Tanzania litafute kwenye Ajira Portal yenyewe, na ukiombwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ili "upitishwe", huo ni wizi.

---

Hatua ya 6: Nafasi uliyookoa, ipe usomaji wa kina

Ukipunguza bila kuweka kitu mahali pake, mkono utarudi kwenye simu wenyewe. Chukua swali moja kati ya saba uliyoandika na ulitafutie kitabu au ripoti moja kwa robo mwaka. Habari za kila siku zinakuambia bei ya unga imepanda. Kitabu au ripoti nzuri inakueleza mahindi hulimwa wapi, huhifadhiwaje, na kwa nini bei hupanda miezi ileile kila mwaka. Ukishaelewa hilo, habari nyingi za bei hutazihitaji, maana utaiona miezi hiyo ikija.

Maktaba za umma zipo kwa kazi hii. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na matawi ya Huduma ya Maktaba ya Taifa nchini Kenya yana vitabu, magazeti ya nyuma na meza tulivu. Kusoma gazeti la miezi sita iliyopita ni zoezi zuri: utaona lipi lililodumu na lipi lilikuwa povu la siku moja.

Mfano uliokamilika: mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa

Soko la Kibaigwa, Dodoma, hukusanya mahindi kutoka mikoa mingi na malori huondoka kila siku. Tuseme mfanyabiashara wa hapo ana maswali manne.

- Bei ya leo ni ngapi? Chanzo kikuu: soko lenyewe, na simu mbili kwa watu anaowaamini, mmoja Dar es Salaam na mmoja mahali anaponunua. Cha kukagua: bei za jumla zinazotolewa na wizara yenye dhamana ya biashara. Saa ya kuangalia: asubuhi, kabla ya kupakia.
- Gharama ya usafiri itabadilika? EWURA, Jumatano ya kwanza. Anapanga mikataba ya malori baada ya siku hiyo.
- Mavuno ya mwaka huu yatakuwaje? Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo utabiri unaomhusu ni wa Novemba hadi Aprili. Utabiri wa masika wa Machi hadi Mei, unaojaa kwenye makundi, ni wa mikoa yenye misimu miwili. Akiuchanganya na wake, ataweka akiba kwa hesabu isiyo yake.
- Sera ya kuuza nje imebadilika? Gazeti moja kwa siku, na tangazo la wizara akilisoma lote kabla ya kumpigia dereva.

Vyanzo vyote havizidi saba. Kundi la WhatsApp la wafanyabiashara amelibakiza, ila analisoma mchana baada ya kazi, na kila anachokiona humo anakipeleka kwenye moja ya vyanzo hivyo kabla ya kutoa fedha.

Makosa yanayorudiwa

1. Kuhesabu marudio kama ushahidi. Ujumbe uleule ukiuona kwenye makundi kumi, hicho bado ni chanzo kimoja.
2. Kuongeza bila kupunguza. Ukifuata chanzo kipya, toa kimoja cha zamani siku hiyohiyo.
3. Kuchagua wanaokubaliana nawe tu. Kati ya vyanzo vyako, angalau kimoja kiwe kinachokuudhi kwa hoja, si kwa matusi.
4. Kulundika "nitasoma baadaye". Kilichokaa wiki mbili bila kuguswa, kifute. Kingekuwa cha lazima ungekirudia.
5. Kumwamini mtaalamu nje ya fani yake. Daktari bingwa wa moyo akizungumzia hisa ni mwananchi kama wewe.
6. Kukosa tarehe. Ujumbe usio na siku, mwezi na mwaka usisambaze, hata ukiwa wa kweli. Onyo la mvua la mwaka jana ni uongo mwaka huu.

---

KISANDUKU CHA 3: Wakati wa dharura

Dharura huvunja ratiba, na ndipo uvumi hushamiri. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, TMA ilitoa taarifa kwa mfululizo zikieleza kilipo na kinakoelekea, hadi kilipoingia Mafia Mei 4 na kupoteza nguvu. Katika siku kama hizo:

1. Fuata chanzo kimoja rasmi na redio moja. Vingine viache.
2. Angalia saa ya taarifa. Taarifa ya asubuhi imeshapitwa ikifika jioni.
3. Zingatia ngazi ya onyo. TMA hutofautisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa.
4. Usitume sauti wala video kabla hujajua ni ya lini na ya wapi.
5. Kinachoonekana kwa macho yako, kama mto unaojaa, kinatangulia ujumbe wowote. Ondoka kwanza.

Kwa madai yanayozunguka sana, tazama kama yameshakaguliwa na Africa Check, PesaCheck au JamiiCheck.

---

Hatua ya 7: Kagua kila miezi mitatu

Maswali hubadilika. Mtoto akimaliza shule, chanzo cha mitihani kiondoe. Ukianza ufugaji, weka kipya. Rudia zoezi la daftari kwa siku moja tu na ulinganishe safu ya tatu na ile ya mwanzo. Chanzo ambacho kwa miezi mitatu hakijakusaidia kuamua, kuelewa wala kufurahi, kiage.

Orodha ya kukagua

☐ Nimeandika nilichosoma kwa siku tatu na kuona "hakuna" zinatoka wapi.
☐ Nina maswali yasiyozidi saba, na moja ni la kujifurahisha.
☐ Kila swali lina chanzo kikuu na kimoja cha kukikagua.
☐ Kila swali linalohusu mamlaka lina chanzo kisicho chini ya mamlaka hiyo.
☐ Siku za matangazo ziko kwenye kalenda yangu.
☐ Arifa za programu za habari zimezimwa, na ndugu wanajua jambo la haraka ni la kupigiwa simu.
☐ Naweza kusoma anwani ya tovuti kutoka kulia kwenda kushoto.
☐ Nina kitabu au ripoti moja ya robo hii.
☐ Tarehe ya ukaguzi ujao nimeiandika.

Usijaribu kuzijaza zote leo. Tafuta daftari, anza siku ya kwanza ya kuorodhesha, na kwenye kalenda ya simu weka miadi moja tu: tangazo lijalo linalogusa mfuko wako.